Motokari ya koperative haiwaki: tuangalie kwanza, tununue nyuma



Msimu uliopita, koperative moja ya territoire yetu ya Isangi ilikuwa na mpunga wa kupeleka bandarini. Pikapu yao ya zamani ikakataa kuwaka. Wakanunua batri mpya Kisangani. Ikatumika siku nne, ikakufa nayo. Balenyeri ikaondoka, mpunga ukabaki kwenye depo. Katika mkutano, watu wakaanza kusema shofere ameuza batri mpya na kuweka ingine. Mimi nilikuwa pale juu ya somo la mbegu. Shofere aliinamisha kichwa tu.

Kesho yake mekanisie akafika. Alifungua bulo moja: waya wa masi, ule unaotoka kwenye batri na kufungwa kwenye moteri, ulikuwa umeoza, umegeuka kijani. Akaukwangua, akaufunga tena, akachaji batri. Pikapu ikawaka. Hata batri ya kwanza ilikuwa ingali nzima.

Mimi ni agronome, si mekanisie. Lakini kule Yangambi tulifundishwa kwamba ukiona majani ya mihogo yanageuka manjano, usikimbilie dawa. Angalia kwanza udongo, mizizi, na shamba lote. Motokari nayo ni vile vile: anza na kitu kisichoomba pesa.

1. Umeme

Washa taa za mbele, kisha jaribu kuwasha moteri. Mwenzako aangalie taa.

– Taa zinafifia sana ao zinazimika: batri haina nguvu, ao kose zake hazishiki. Fungua kose, kwangua mpaka risasi ingae, kaza vizuri. Ondoa waya wa – kwanza, na urudishe huo mwisho, ili kle isitoe cheche ikigusa chuma. Fuata pia waya wa masi mpaka mwisho wake. Hapa kwetu unyevu unakula shaba polepole bila mtu kuona.

– Taa zinabaki na nguvu, lakini demarere inanyamaza: kwa kawaida kosa si la batri. Angalia fizibu, waya mdogo wa demarere, kisha demarere yenyewe.

– Demarere inazungusha moteri vizuri, lakini haishiki: tafuta upande wa mafuta. Mazuti yana maji? Filtre imeziba? Kama ni moteri ya mazuti, angalia pia bujia za kupasha moto.

Koperative inunue multimetri moja. Bei yake ni ndogo sana kuliko batri. Pima asubuhi, gari ikiwa imelala usiku mzima. Batri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha kama 12,6. Kwenye 12,2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12 ni kama tupu. Halafu washa moteri, upime tena palepale kwenye batri: inapaswa kupanda mpaka kati ya 13,8 na 14,4. Kama haipandi, batri haipati chakula. Angalia kurua ya altenatere kama imelegea, kisha waya zote pamoja na masi, na altenatere mwishoni. Kipimo hiki cha pili ndicho kingeokoa ule mpunga.

2. Ambreyaji na buate ya vitesi

Matope ya mvua na magunia ya kupita kiasi vinamaliza ambreyaji. Unaweza kuijaribu hivi: gari isimame pahali sawa, bila mtu mbele wala nyuma, freni ya mkono imevutwa, moteri inawaka. Ingiza vitesi ya nne, achia pedali polepole. Moteri ikizimika, ambreyaji inashika. Ikiendelea kuzunguka, ambreyaji inateleza. Usirudie mara nyingi, utaichoma.

Vitesi zinalia na kukataa kuingia? Zima moteri, jaribu tena. Zikiingia vizuri, usifungue buate: ambreyaji ndiyo haiachi. Kwa gari nyingi, angalia kibakuli cha mafuta ya ambreyaji (ni mafuta ya freni), na kama kuna pahali panavuja.

Sikiliza pia kelele. Ikija wakati unakanyaga pedali, mara nyingi ni bite ya ambreyaji. Ikija gari ikiwa bila vitesi na pedali imeachiwa, halafu inanyamaza ukikanyaga, ni rulema ya buate.

Umevuka kijito na maji yakafika kwenye ponti? Fungua bushoni ya ponti na ya buate, uangalie mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Badilisha kabla ya safari ingine.

3. Mambo ya kukataza

– Fizibu imeungua: usiweke waya mahali pake. Fizibu inakufa ili gari isiungue.
– Usitie maji ya mto kwenye batri. Ni maji ya distile tu. Na sigara ikae mbali, gazi ya batri inalipuka.
– Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake. Weka magogo ya mti mgumu.

4. Daftari ya motokari

Andikeni kila mara: tarehe, kilometa, kosa lililoonekana, kipimo cha volti, nani aliangalia, nini kilinunuliwa na namba iliyo kwenye batri. Kama namba ya batri ingeandikwa, hakuna mtu angemshitaki shofere.

Yule shofere alikataa kurudia kazi mpaka prezida alipoenda kwake nyumbani, pamoja na wazee, kumuomba musamaha. Leo anaendesha, na daftari inakaa kwa kesie.

Maulizo ya mkutano

1. Nani kati yetu anaweza kuonyesha waya wa masi wa gari yetu?
2. Mara ya mwisho tulinunua kitu cha gari, tulipima nini mbele ya kununua?
3. Daftari itakaa kwa nani?