Kabla Hujanunua Saa ya Zamani ya Mashindano ya Mashua

Mkimbiaji husubiri mlio akiwa amesimama. Mashua ya tanga haiwezi. Huzunguka nyuma ya mstari, nahodha akihesabu dakika, ili mlio ukitoka avuke akiwa na kasi kamili. Akitangulia hata sekunde moja, hana budi kurudi kuanza upya. Ndiyo maana manahodha walitengenezewa saa za mkononi zenye stopwochi inayogawa dakika za kusubiri kwa rangi.

Mojawapo inayosakwa mno ni Heuer Skipper ya 1968. Mwaka 1967 mashua ya Marekani, Intrepid, ilitwaa America's Cup ikiwa na vifaa vya Heuer vya kupimia muda, na kampuni ikaitoa saa hiyo kwa fahari. Uso wake ni wa buluu. Kiduara cha dakika 15 kimegawanywa vipande vitatu vya dakika tano tano, kila kimoja na rangi yake.

Kwetu mchezo huu una makao pwani: Dar es Salaam Yacht Club ipo tangu 1933. Galula iko jirani na Ziwa Rukwa, lakini mitumbwi ya huko hufuata samaki. Basi mnunuzi wa Galula ataiona saa kwanza kwenye picha za simu, na hapo ndipo wengi hulizwa.

Omba picha kubwa ya uso, iliyopigwa juani. Thamani karibu yote iko hapo. Uso uliopakwa upya herufi zake huwa nene, na mistari ya rangi haikai sawa na alama za dakika. Mimi huchagua uliofifia kwa umri kuliko uliorembwa. Kisha mkanda uvuliwe: kati ya masikio ya saa yanayoshika mkanda, upande wa 12, pawe na namba ya toleo, 7754, na upande wa 6, namba ya saa yenyewe.

Ukiishika, itie ufunguo. Kitufe cha juu kianzishe mshale wa sekunde bila kuruka, kisha kiusimamishe. Cha chini kiurudishe juu kabisa. Ukisimama pembeni, kuna kazi ya fundi.

Tahadhari: saa nyingi zinazong'aa gizani za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, yenye mionzi. Usizifungue nyumbani wala kukwangua, hata kama zimeacha kung'aa.

Usitume pesa kabla ya kuikagua. Andikianeni, namba zote mbili zikitajwa. Ukiivusha kutoka Nakonde, itamke forodhani Tunduma na utunze risiti, kwani mnunuzi wa baadaye ataiulizia.