Bolti za Usukani wa Ndege Ndogo

Watu wakaao Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha wamezoea kuona ndege ndogo zikipita juu ya Bonde la Ufa. Nyingi hutoka viwandani, lakini katika nchi nyingi wako watu wanaojijengea ndege zao wenyewe, kwa mabomba membamba ya chuma, au kwa mbao na kitambaa. Jambo hili si geni. Ndugu wawili Wright, walioruka huko Marekani mwaka 1903, walikuwa mafundi wa baisikeli, na mapanga ya ndege yao yalizungushwa kwa minyororo.

Rubani hushika fimbo. Fimbo hiyo imeunganishwa kwa vyuma virefu na nyaya mpaka kwenye kibawa cha mkia, kinachoinua pua ya ndege au kuishusha. Kila kiungo hufungwa kwa bolti, mara nyingi bolti isiyo nene kuliko kidole kidogo. Dereva akipotewa na bolti ya usukani aweza kukanyaga breki akasimama kando ya njia. Rubani hana kando ya njia. Tarehe 16 Februari 1999 ilipita salama kwa ndege moja kubwa ya mizigo aina ya DC-8, lakini tarehe hiyo hiyo mwaka 2000 ndege hiyo ilianguka karibu na Sacramento, Marekani, mara tu baada ya kuruka, na watu wote watatu waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walionyesha kwamba bolti ya kiungo cha mkia haikufungwa sawasawa, wala haikukaguliwa ipasavyo.

Kiungo cha usukani hucheza muda wote, na mchezo huo waweza kuizungusha nati kidogo kidogo mpaka itoke. Kwa hiyo hutumiwa nati yenye meno kama taji, pamoja na pini ya miguu miwili, mfano wa zile zinazofunga gurudumu la gari. Nati hukazwa kwa kipimo kilichowekwa, kisha tundu la bolti hutafutwa lilingane na pengo la nati. Lisipolingana, fundi hubadili washa. Halegezi nati nyuma ili pini ipite. Mguu mmoja wa pini hukunjwa juu ya ncha ya bolti, wa pili hulazwa ubavuni mwa nati. Pini iliyokwisha kukunjwa haitumiwi tena, ijapokuwa yaonekana nzima. Hapa ndipo ubahili wa senti chache huwadanganya watu wengi.

Iko pia nati yenye pete ya nailoni ndani, inayoshika bila pini. Hiyo ni nzuri mahali pasipozunguka, lakini haifai kwa bolti inayogeuka pamoja na kiungo. Ikiwa yaweza kuzungushwa kwa vidole, pete imekwisha, itupwe.

Bolti huingizwa kichwa kikiwa juu au mbele, inapowezekana, ili nati ikitoka, uzito wenyewe uizuie bolti isidondoke. Ni hila ndogo, lakini imefikiriwa vema.

Vumbi la Bonde la Ufa nalo lina kazi yake. Lile jeupe la Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa kwa ajili ya kuchuja na hata kusugulia vyombo. Likichanganyika na grisi katika kiungo husugua chuma vilevile. Kiungo hupanguswa kwanza, ndipo hutiwa mafuta mapya.

Mafundi wengi huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho karibu. Mstari ukikatika, nati imegeuka. Na kazi ya usukani hutazamwa na mtu wa pili ambaye hakuifanya, kwa kuwa aliyeifanya huona alichokusudia. Kabla ya kuruka, rubani huisukuma fimbo mbele na nyuma, kushoto na kulia, huku akigeuza shingo kuutazama mkia.