Kumtazama Kasa Baharini

Kasa si samaki. Ijapokuwa maisha yake ni baharini, yeye hupumua kwa mapafu kama sisi, na kila baada ya muda hana budi kuibuka avute pumzi. Aendaye kumtazama asilisahau jambo hili.

Huko Watamu, katika pwani ya Kenya, iko hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968. Mwamba huzuia mawimbi makubwa, na anayejifunza huanzia katika maji yaliyotulia. Kwanza simama mahali maji yafikapo kiunoni. Vaa miwani, weka mrija mdomoni, inamisha uso majini, upumue polepole. Maji yakiingia mrijani, yapulize kwa nguvu yatoke. Usiondoke hapo mpaka hofu iishe. Kisha mfuate kiongozi, wala usikanyage matumbawe.

Ukimwona kasa akila majani ya bahari, elea kando yake, mbali kidogo. Usimguse, usimfukuze, wala usikae juu yake. Maana ukimzibia njia ya kuibuka umemnyima pumzi. Wewe wapumulia mrija. Yeye hana mrija.