Mikoba ya Mihayo: namna ya kusimulia mchezaji aliyekuwa kocha

Sentensi iliyonitia taabu ilikuwa fupi: "Mwaka 2017 Pamphile Mihayo Kazembe alikabidhiwa mikoba ya TP Mazembe." Niliiandika kwa zoezi la kusimulia maisha ya mtu kwa Kiswahili sanifu, nikajivunia, maana msemo huo niliuokota katika magazeti ya michezo ya Tanzania. Kisha nikamsomea baba mudogo, kwake Kamalondo, si mbali na uwanja wa Mazembe.

"Mikoba ya nini?"

Nikamweleza kwamba ni mkoba wa mganga, ambao mrithi hupewa pamoja na kazi, na kwamba waandishi wa mpira wanautumia kwa kocha anayeshika nafasi ya mwenzake. Hapo akakunja uso. "Unasema Mihayo alipata kombe na dawa?" Nikakana. Akatikisa kichwa: "Ule hakupewa kintu. Alikuwaka mulemule mu ekipe."

Nimekaa na jibu hilo wiki tatu, na makala hii imetoka humo.

Kwanza habari yenyewe. Mihayo alikuwa kiungo wa Mazembe iliyochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2009 na 2010, na alikuwa katika kikosi kilichokwenda Abu Dhabi Desemba 2010, Mazembe ilipokuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Alipoacha kucheza akabaki kwenye benchi la ufundi. Mwanzoni mwa 2017 Mazembe ilitolewa katika Ligi ya Mabingwa na CAPS United ya Zimbabwe kwa goli la ugenini: 1-1 hapa kwetu, 0-0 Harare. Kocha Mfaransa Thierry Froger akaondoka, timu ikashushwa Kombe la Shirikisho, na Mihayo akaichukua ikiwa katika hali hiyo. Mwezi wa Novemba waliifunga SuperSport United 2-1 Lubumbashi, wakatoka 0-0 Pretoria, wakabaki na kombe. Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka zaidi kwa Aprili 2019, Simba ilipofungwa 4-1 hapa.

Sasa lugha. Magazeti ya pwani yana utajiri wa kuonea wivu: mchezaji "anatundika daluga", kisha "anainoa" timu kama kisu. Sisi nyumbani tunasema *anaantrene*. Wengine watacheka kwamba ni Kifaransa kilichovaa kiambishi, na ni kweli, lakini kitenzi hiki kina tabia yake. Irabu ya mwisho haibadiliki: *fundisha* hutoa *afundishe* na *hafundishi*, ila *-antrene* inabaki vilevile. Wala haipokei *-w-* ya kutendwa. Kwa hiyo sentensi kama "timu ilifundishwa na Mihayo" haiundiki nayo. Baba mudogo husema "Mihayo njo aliantrene ekipe", na mtendaji anakaa mbele kila mara. Tena *kufundisha* kwetu kunanuka chaki. Ukisema Mihayo alifundisha, mtu atauliza shule gani.

Lakini lililonishika ni *alikuwaka*. Kiambishi hicho cha mwisho kinaonyesha jambo la mazoea, lililodumu. Katika sanifu ningelazimika kusema "alikuwa akiwamo siku zote", maneno manne kwa moja. Na maana inapingana na mikoba. Mikoba inahitaji watu wawili, mmoja anatoa, mwingine anapokea, na mlango kati yao. *Alikuwaka* haina mlango. Jina la kazi limebadilika, mtu hajatoka.

Nilijiuliza kama ni mapenzi ya shabiki tu. Nikatazama mfano wa mbali ambao Mazembe iliuonja kwa uchungu: Desemba 2015, Osaka, ilifungwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima. Kocha wa Hiroshima alikuwa Hajime Moriyasu, aliyewahi kuichezea klabu hiyohiyo, na tangu 2018 anaongoza timu ya taifa ya Japani. Wajapani humwita *kantoku*, msimamizi, neno wanalompa pia mwongozaji wa filamu. Hakuna mkoba humo, wala kisu cha kunolewa. Safari za wawili hawa zinafanana sana, na kila lugha imeshika upande wake.

Mhadhiri wangu anaona *alikuwaka* haina nafasi katika zoezi la sanifu, na kwa kanuni za zoezi ana haki. Niliandika: "Mihayo, aliyekuwamo klabuni tangu enzi za uchezaji wake, akawa kocha mwaka 2017." Ni sahihi, na ni baridi. *-Ka-* ya *akawa* inapanga matukio kwa zamu, kana kwamba la kwanza limekwisha ndipo la pili lianze.

Ili kupima, nilimwuliza baba mudogo kuhusu Robert Kidiaba, golikipa wetu wa 2010 aliyeingia siasa. Hakufikiri hata kidogo: "Kidiaba? Alitoka, alienda mu politiki." Bila *-ka* popote.