Kusoma Cheti cha Maabara: Mchele, Mahindi na Alama ya ±

Mnamo Mei 2013, mamlaka ya chakula na dawa ya jiji la Guangzhou ilitangaza kwamba, kati ya sampuli 18 za mchele na bidhaa zake, 8 zilikutwa na kadimiamu kupita kiwango. Kadimiamu ni metali ambayo mpunga huifyonza udongoni. Ikiingia mwilini hujikusanya katika figo kwa miaka mingi, wala kuosha na kupika mchele hakuiondoi yote. Kwa kaya za Shiling, wilayani Huadu, ambako wali ni chakula cha kila siku, habari hiyo ingali na uzito.

Mpaka wa China ni miligramu 0.2 kwa kilo ya mchele. Basi cheti kikisomeka 0.19 ± 0.03, chakula hicho kimepita au hakikupita? Alama hiyo humaanisha kuongeza na kupunguza: kiasi halisi hukadiriwa kuwa kati ya 0.16 na 0.22, kwa kawaida kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Huo si uzembe wa mpimaji. Mchele mmoja ukipimwa kwa kibaba na watu wawili hautoki sawasawa. Mizani na mitambo ya maabara nayo ina upungufu wake, ila maabara hutakiwa kuukadiria. Kiwango cha kimataifa ISO/IEC 17025, toleo la 2017, huitaka maabara inayotamka kwamba chakula kimekidhi mpaka ieleze shaka hiyo imezingatiwaje.

Shaka kubwa zaidi, mara nyingi, huanzia guniani. Sumukuvu ya mahindi na karanga haitawanyiki sawasawa: punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote. Ukichotwa ukufi mmoja usio na punje hizo, cheti kitasema salama. Kwa hiyo huchotwa sehemu nyingi za shehena, kisha zikasagwa pamoja kabla ya kupimwa. Nchini Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na moto wa jikoni hauiangamizi sumu hiyo.

Mwenye kaya anayeoneshwa cheti na muuzaji aulize sampuli ilichotwa shehena ipi, na sehemu ngapi. Cheti cha shehena nyingine hakisemi lolote juu ya gunia lililo mbele yake. Unga uliovunda usipewe mtoto, hata ukiwa na cheti. Na mchele ununuliwe wa maeneo tofauti, si wa shamba moja mwaka mzima.