Ampli ya mbali: mzigo wa muuzaji na hatari ya mnunuzi wa Kindu

Ampli na bafle zilizotumika hufika Kindu kwa ndege, kwa reli inayotoka upande wa Katanga, au kwa mto. Mzigo wa Kisangani hupita nchi kavu mpaka Ubundu, kwa sababu maporomoko yamefunga Lualaba hapo katikati, kisha hupakiwa kwenye boti la mbao na kupanda mto kilomita zipatazo 300. Wanunuzi ni kwaya, wenye baa na wapiga muziki wa harusi. Bei hupatanwa kwa WhatsApp, na pesa hutumwa kwa simu kabla mtu hajaigusa bafle yenyewe.

Hapo ndipo sheria humshangaza mnunuzi. Mauzo yasiyo kati ya wafanyabiashara wawili nchini Kongo bado yanafuata dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, na kwa dekreti hiyo mauzo hutimia pale wawili wanapokubaliana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijatolewa wala bei haijalipwa. Bafle ileile iliyochaguliwa kwa picha, ikizama mtoni bila kosa la muuzaji, yaweza kuwa imezama ikiwa mali ya mtu wa Kindu. Dawa yake ni ujumbe mmoja unaotumwa kabla ya kusema ndiyo: "Mpaka nitakapoipokea Kindu, hasara yote ya njiani ni yako." Muuzaji akijibu "sawa, papa", hayo ndiyo makubaliano. Jibu hilo lisifutwe: Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inayakubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi, mradi mwandishi wake ajulikane.

Kuhusu ubovu, muuzaji hudhamini kasoro zilizofichika zinazokifanya kitu kisifae kwa kazi yake, hata kama hakuzijua. Anaweza kujiondolea dhamana kwa maneno, lakini si kwa kasoro aliyoijua akanyamaza. Kasoro hiyo humlazimu pia kulipa fidia. Kasoro ya wazi ni shauri ya mnunuzi. Ugomvi mwingi huzuka hapa, maana picha huonyesha boksi lililopakwa rangi jana na kuficha povu la pembeni ya koni lililooza kwa joto. Kwa hiyo picha haitoshi, iombwe video.

Video nzuri huanza ampli ikiwa imezimwa, ikionyesha nyuma yake, mahali palipoandikwa volti. Mashine ya Marekani ya volti 120, isiyo na swichi ya kubadilisha, ikichomekwa kwenye 220 za Kongo huungua papo hapo. Mwandishi wa mistari hii aliwahi kulipia ampli iliyosifiwa kuwa "iko muzima, inaongea kama mpya". Ilikuwa nzima kweli, ila kwa umeme wa kwao. Baada ya hapo iwashwe bila muziki, sauti ipandishwe polepole: mngurumo ni dalili ya kapasita zilizochoka, na mkwaruzo kitufe cha sauti kinapozungushwa mara nyingi ni vumbi tu, jambo dogo. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa usoni mwa boksi zisihesabiwe.

Kwa bafle, fundi wa mji wa muuzaji ana thamani kuliko video kumi. Mita yake ikigusishwa kwenye nyaya za spika ya omu 8 husoma karibu 6. Isiposoma kitu, koili imekatika. Halafu koni isukumwe taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza ndani, koili imepinda au imeungua. Ujira wa fundi huyo ni mdogo mno ukilinganishwa na nauli ya ndege ya bafle mbili, ambayo hulipwa kwa kilo na hairudishwi.

Malipo yagawanywe: nusu baada ya fundi kupima, nusu mzigo ukifika. Muuzaji anayetaka yote mara moja, tena kwa namba ya simu yenye jina lisilo lake, aachwe.

Mzigo ukifika, boksi lifunguliwe mbele ya msafirishaji huku simu ikirekodi, na ampli ijaribiwe siku hiyohiyo, hata kwa jenereta ya jirani ikiwa umeme haupo. Madai ya kasoro iliyofichika yana muda mfupi, na anayesubiri mpaka Pasaka ndipo aiwashe hatasikilizwa. Kasoro ikionekana, muuzaji aandikiwe mara moja. Mnunuzi ana hiari: kukirudisha kitu na kudai bei yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya pesa.