Rufani ya Mtu Asiye na Wakili
Somo kwa washarika, walimu na wainjilisti



Wazee wetu husema, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Neno hili hutamkwa upesi, lakini kulitenda ni kazi. Katika somo hili twataka kulitazama mahali pamoja tu, yaani katika rufani ya mtu maskini aliyekwisha kuhukumiwa, naye hana fedha za kumwajiri wakili. Watu wa namna hiyo hawako mbali nasi. Wamo magerezani katika mkoa wetu wa Mara, na jamaa zao huketi pamoja nasi katika Musoma, Bunda na Butiama.

1. Rufani ni nini?

Wengi hudhani ya kuwa kukata rufani ni kwenda kulia mbele ya hakimu mkubwa zaidi ili aone huruma. Sivyo. Wengine hudhani ya kuwa mashahidi wataitwa tena. Hilo nalo, kwa kawaida, sivyo. Jaji wa rufani husoma yaliyoandikwa: hati ya mashitaka, maneno ya mashahidi kama hakimu alivyoyaandika, vielelezo, na hukumu yenyewe. Humo hutafuta kama sheria ilifuatwa, na kama ushahidi ulitosha. Basi kazi ya wakili wa rufani ni kusoma kwa makini, na kuonyesha kosa lililo ndani ya karatasi. Mfungwa asiyejua sheria huandika, "Mimi sikutenda." Pengine asema kweli, lakini kosa kubwa lililo katika shauri lake hakulitaja, kwa kuwa hakujua ya kuwa ni kosa.

Tuchukue mfano. Wilaya ya Bunda yapakana na Hifadhi ya Serengeti, na mashitaka ya kukutwa na nyara za Serikali hayana ugeni huko. Mtu akitiwa hatiani kwa nyama ya nyumbu, mara nyingi hufungwa miaka 20. Wakili akipewa karatasi zake, atauliza hivi:

Je, Mkurugenzi wa Mashtaka alitoa kibali, pamoja na hati ya kuiruhusu mahakama ya chini kusikiliza shauri hilo? Mashitaka ya uhujumu uchumi kwa asili ni ya Mahakama Kuu, wala mahakama ya wilaya haiwezi kuyasikiliza pasipo ruhusa hiyo.

Je, nyama ilipoteketezwa kwa kuwa yaoza, mshitakiwa alikuwapo mbele ya hakimu, akaulizwa neno lake? Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2019 ya kuwa hana budi kuwapo na kusikilizwa.

Je, hati zilizopokewa kuwa vielelezo zilisomwa kwa sauti ili mshitakiwa azisikie?

Na kama alijibu, "Ni kweli," je, alikuwa ameelezwa kila jambo la shitaka, akalielewa? Maana aliyekiri kosa hawezi tena kupinga hatia kwa rufani, isipokuwa aonyeshe ya kuwa kukiri kwake hakukuwa wazi, au kwamba shitaka lenyewe lilikuwa na kasoro.

Maswali haya manne yaweza kuwa tofauti ya miaka 20. Nani katika sisi angeyajua, akiwa peke yake gerezani?

2. Nani atamsemea?

Twasoma katika Matendo ya Mitume ya kuwa wazee wa Wayahudi walikuja kwa liwali pamoja na Tertulo, msemaji hodari, ili kumshitaki Paulo. Paulo hakuwa na msemaji. Lakini alikuwa mtu wa elimu, tena raia wa Rumi, akajua saa ya kukata rufani kwa Kaisari. Wafungwa wetu wengi hawana elimu ile.

Huko Marekani mfungwa mmoja wa Florida, Clarence Earl Gideon, aliandika kwa penseli kuiomba mahakama kuu ya nchi ile, akidai ya kuwa alihukumiwa bila wakili. Mwaka 1963 alishinda, na shauri lake liliporudiwa akiwa na wakili, alionekana hana hatia. Siku ileile ya uamuzi wake mahakama iliamua pia, katika shauri jingine, ya kuwa maskini apewe wakili katika rufani yake ya kwanza. Ndipo ziko huko ofisi za mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni rufani za maskini.

Kwetu Tanzania njia ni nyingine. Mwaka 1969, katika utawala wa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ilitungwa sheria ya kuwapatia wakili washitakiwa wasio na uwezo. Mwaka 2017 mahali pake pakashikwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo pia yawatambua wasaidizi wa kisheria. Tena Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zampa Jaji Mkuu, au jaji anayeongoza kikao, uwezo wa kumteulia mrufani wakili iwapo haki yataka hivyo. Katika mashitaka ya mauaji wakili huteuliwa. Lakini katika mengine, hata yenye kifungo cha miaka 30, warufani wengi husimama peke yao.

Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua shauri la mfungwa aliyepewa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, pasipo wakili. Ilisema ya kuwa kwa shitaka zito kama hilo alistahili kupewa wakili hata kama hakuomba. Lakini mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu kuipelekea mahakama ile mashauri wao wenyewe. Basi mlango ulio karibu nasi ni mahakama zetu. Zamani rufani za Mara zilipelekwa Mwanza. Sasa Mahakama Kuu iko Musoma, na Mahakama ya Rufani nayo huketi Musoma kwa vikao.

3. Je, ni vema kumtetea mwenye hatia?

Swali hili huulizwa na mfugaji aliyeibiwa ng'ombe, na mzazi ambaye mtoto wake alidhulumiwa. Tusilidharau. Ni kweli ya kuwa pengine mwenye hatia huachiliwa kwa sababu shauri liliendeshwa vibaya, na aliyedhulumiwa hubaki na uchungu. Lakini dawa yake ni upelelezi mwema na uangalifu wa mahakama, si kufumba macho. Tena asiye na hatia akifungwa, mwizi wa ng'ombe angali nje. Wakili wa rufani hasemi ya kuwa uovu ni wema. Adai tu ya kuwa mtu asifungwe ila kwa sheria.

4. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuhesabu siku. Anayekata rufani kutoka mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya nia yake katika siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufani katika siku 45, bila kuhesabu muda wa kungojea nakala ya mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni siku 30. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, akiwa na sababu ya kutosha.

Pili, tumkumbushe mfungwa ya kuwa aweza kumpa mkuu wa gereza karatasi zake, naye huzipeleka mahakamani.

Tatu, jamaa wasiuze ng'ombe kwa ajili ya wale waitwao vishoka, wajifanyao mawakili. Jina la wakili wa kweli limo katika orodha ya mawakili. Msaidizi wa kisheria naye hatozi malipo. Aulizwe katika ofisi za Halmashauri.

Nne, tuseme kweli. Rufani si bahati nasibu. Mahakama yaweza kumwachilia mtu, au kuamuru shauri lisikilizwe upya, au kuithibitisha hukumu, hata kuongeza adhabu iliyopungua chini ya sheria. Tusimwahidi mama wa mfungwa jambo tusilolijua.

Maswali ya kuulizana

Je, katika mtaa wetu kuna mtu aliyefungwa ambaye siku zake za rufani hazijapita? Nani atakwenda kumwuliza kama ametoa taarifa? Na nani ajuaye kuandika atamsaidia kuomba nakala ya hukumu? Majibu ya maswali haya yaandikwe, na mtu atajwe kwa kila kazi, kabla ya watu kutawanyika.